Beryl Markham na Jina la Rubani

Wasomaji wangu, kisa hiki kilianza barazani, kama vianzavyo visa vingi vya Mombasa. Ilikuwa siku ya tatu ya Idd, nami nimekaa kwa jirani yangu mtaani Kibokoni, kahawa inazunguka. Binti wa nyumba hiyo, ambaye yuko Nairobi akijifunza kurusha ndege katika uwanja wa Wilson, alikuwa amekuja kula sikukuu na wazee wake. Mwezi uliotangulia alikuwa ameruka peke yake kwa mara ya kwanza, bila mwalimu pembeni, akazunguka na kutua salama. Basi nyanya yake akanitaka nimtungie beti chache za hongera. Nikakubali papo hapo, kumbe najitia taabuni.

Ubeti wa kwanza haujakauka wino, wazee wakaanza kuvutana juu ya neno moja. Mmoja akataka msichana aitwe rubani wa kike. Wa pili akasema hiyo si adabu, mtoto wa watu huitwa bibi rubani. Wa tatu, aliyeshiba Kiarabu, akashikilia kwamba lazima iwe rubana, kwa sababu mwanamke katika lugha ile hutiwa taa marbuta mwishoni na mambo yakaisha. Baba wa msichana hakusema neno. Alikuwa akizungusha kikombe chake tu. Yeye ndiye alipaye karo, na saa za kuruka zilizobakia si chache wala si rahisi. Nikamtazama, nikafahamu kwamba mvutano ule haukuwa wa neno peke yake. Waliokuwa wakitafuta jina la pekee walikuwa wakiuliza, kwa njia ya mzunguko, kama kazi hiyo ni ya binti au si yake.

Neno rubani, wasomaji, hatukuliokota uwanja wa ndege. Ni neno la bahari. Mabaharia wa Kiarabu walimwita hivyo mtu ajuaye njia ya maji, mwenye kuzitambua nyota, mikondo na miamba. Hata leo meli kubwa haiingii Kilindini mpaka rubani apande aiongoze kupita mlangoni. Marehemu mjomba wangu, aliyefanya userahangi katika majahazi ya kwenda Lamu na Kismayu, alikuwa akilitamka neno hilo kwa heshima aliyowanyima hata manahodha. Zilipokuja eropleni, Waswahili hawakujisumbua. Chombo ni chombo, kiwe cha majini au cha hewani, na mwenye kukiongoza wakampa jina la yule wa zamani. Chombo chenyewe wakakiita ndege, wakatofautisha kwa ngeli tu: huyu ndege ametua mtini, hii ndege imetua uwanjani. Kwa bahati, Wazungu nao walifuata njia hiyo hiyo, kwani jina lao la mrukaji limetokana na neno la Kilatini la ndege wa angani. Tofauti ni kwamba wao walipoona mwanamke amekamata usukani walilifunga jina hilo mkia. Mfaransa akasema aviatrice, Mwingereza akasema aviatrix.

Na Mwarabu je? Hapo nakumbuka chuoni nilikosomea Kurani. Mwalimu wetu alipokuwa akitupitisha katika sarufi, mwenzetu mmoja mtundu alimwuliza mwanamke arushaye eropleni huitwaje. Mwalimu akatafakari, akajibu kwa uaminifu wa kanuni: mwanamume ni tayyar, basi mwanamke ni tayyara. Tukaangua kicheko hadi bakora ikatikisika. Tayyara tulilijua kuwa ni ndege yenyewe kwa Kiarabu cha mitaani, na sisi watoto wa pwani tumelichukua neno hilo hilo tukaliita tiara, karatasi na njiti tunazorusha kwa uzi wakati wa upepo. Yaani mwanamke yule, kwa kufuata kanuni, alikuwa ameacha kuwa mrushaji akawa kirushwacho.

Usiku ule wa Idd nilirudi nyumbani nikatoa rafuni maisha ya mwanamke mmoja aliyeruka katika anga hii hii yetu miaka tisini na zaidi iliyopita, nikayasoma tena kwa jicho la maneno. Ni Bi. Beryl Markham. Aliitwa kila jina, na karibu kila jina lilikuwa na dai lake.

Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 katika kijiji cha Ashwell, jimbo la Rutland, Uingereza, akaitwa Beryl Clutterbuck. Babake, Charles Clutterbuck, alikuwa mfunzaji wa farasi, akaja Afrika ya Mashariki kutafuta bahati kama walowezi wengi wa wakati ule, akashika shamba Njoro katika ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Mkewe hakuyaweza maisha ya huko. Mwaka 1906 alirudi Uingereza na mtoto wa kiume, akamwacha msichana kwa babake. Beryl alikuwa na umri wa miaka mitatu au minne. Jambo hilo hakulizungumza sana maishani mwake, na ukisoma kitabu chake utatafuta mama usimwone.

Akalelewa basi na babake, farasi, mbwa, na watu wa Kikalenjin waliofanya kazi shambani. Yeye mwenyewe huwaita Wanandi, ingawa wajuao husema wengi wao walikuwa Wakipsigis. Kiswahili alikisema tangu utotoni, na jina lake lilipofika katika ndimi za watu wa shambani lilikunjwa likawa Beru. Wazee walimwita pia lakwet. Neno hilo, kama waelezavyo wenye lugha yao, maana yake ni mtoto, awe mvulana au msichana. Nalipenda neno hilo. Huyu mtoto aliongozana na wawindaji hadi vichakani, pekupeku, mkuki mkononi, akimfuata ngiri nyuma ya mbwa. Sahibu yake mkubwa alikuwa mvulana wa rika lake aliyeitwa Kibii. Waliruka pamoja, walishindana kuruka juu hadi usawa wa kichwa, walitembea bega kwa bega.

Lakini tusighurike. Wasichana wa Kikalenjin wenyewe hawakuchukuliwa kuwinda. Walikuwa na kazi zao nyumbani na mipaka yao. Beryl alivuka mpaka ule kwa sababu alikuwa binti wa mwenye shamba, na hakuna mzee ambaye angemrudisha kwa fimbo. Jina la mtoto lilimpa uhuru, na rangi yake ikamlindia uhuru huo. Ninaposikia watu wakimsifu kwamba alijilea mwenyewe porini, huuliza ni msichana gani mwingine wa Njoro aliyeruhusiwa kujilea hivyo.

Likaja jina la pili. Kibii alitahiriwa akawa mtu mzima, akavua jina la utoto, akawa arap Ruta. Siku moja alimjia Beryl kutafuta kazi, naye hakumwita tena Beru. Alimwita memsabu, akatembea nyuma yake badala ya ubavuni. Bi. Beryl amelisimulia jambo hilo kitabuni mwake kwa uchungu usiojificha, nami naona ni katika kurasa zake za kweli kabisa. Memsabu ni neno lililotoka Bara Hindi, likashuka bandarini pamoja na mizigo mingine ya Himaya, na kila mmoja alijua lilimaanisha mwanamke. Walakini uzito wake haukuwa katika uanauke. Lilitaja nani apite mbele na nani afuate. Arap Ruta alifuatana naye miaka mingi, kwanza katika mazizi ya farasi, kisha katika uwanja wa ndege, ambako alikuwa akimshughulikia ndege yake kama alivyowashughulikia farasi wake. Hakuna aliyemtafutia yeye jina.

Mwaka 1919, kabla hajatimiza miaka 17, Beryl aliolewa na Jock Purves, mlowezi aliyempita umri kwa mbali. Punde ukaja ukame, biashara ya unga ya babake ikafilisika, mzee akauza alivyonavyo akaenda zake Peru kufunza farasi. Binti akabaki. Akachukua leseni ya kufunza farasi wa mashindano, mwanamke wa kwanza kuipata katika Kenya, na umri wake haujafika 20 barabara. Mwaka 1926 farasi wake Wise Child, jike lenye miguu mibovu ambalo wengi walikwisha likatia tamaa, lilishinda mbio za St. Leger jijini Nairobi. Ndoa ya kwanza ikavunjika. Mwaka 1927 akaolewa na Mansfield Markham, Mwingereza mwenye mali, wakazaa mtoto wa kiume, Gervase, mwaka 1929. Mtoto alilelewa Uingereza na mama wa mumewe. Ndoa hiyo nayo haikudumu kwa mapenzi, ijapokuwa talaka yenyewe ilichelewa hadi mwaka 1942. Mambo yake na wanaume wengine, pamoja na mwana mmoja wa mfalme, yamejaza vitabu vya watu, nami sina haja nayo hapa.

Turejee hewani. Wengi hudhani Beryl ndiye aliyewafungulia wanawake mlango wa anga ya Kenya. Siyo. Kabla yake alikuwako Maia Carberry, kijana wa miaka 24, aliyekufa Nairobi mwezi Machi 1928 ndege yake ilipoanguka wakati akimfundisha mtu kuruka. Na alikuwako Bi. Florence Kerr Wilson, mjane, ambaye mwaka 1929 alitoa fedha zake akaanzisha shirika la ndege la Wilson Airways. Ndiyo, wasomaji, uwanja ule wa Wilson umechukua jina la mwanamke. Nilipomwambia hayo binti wa jirani yangu alitoa macho. Miezi yote hiyo akiingia na kutoka langoni, alidhani Wilson ni bwana fulani mwenye masharubu.

Rubani mkuu wa shirika hilo alikuwa Tom Campbell Black, naye ndiye aliyemfundisha Beryl. Mafunzo yalikuwa yameanza wakati rafiki yao Denys Finch Hatton alipoanguka na ndege yake Voi, tarehe 14 Mei 1931, akafa pamoja na mtumishi wake wa Kikikuyu. Inasimuliwa kwamba Beryl alikuwa amealikwa katika safari ile, na Campbell Black akamzuia kwa moyo kumwambia tu. Mtu mwingine angeacha. Yeye alirudi uwanjani, akaruka peke yake, na katika mwezi wa Julai mwaka huo akapewa leseni ya kwanza. Mwezi Aprili 1932 alitoka Nairobi akaenda mpaka Uingereza peke yake katika ndege ndogo aina ya Avro Avian, kupitia Sudan na Misri na kuvuka bahari ya Mediterania. Mwaka 1933 akapata leseni ya biashara, ile imruhusuyo mtu kulipwa kwa kazi ya kuruka. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata nchini. Mtihani wake haukuwa wa usukani peke yake, kwani mtahiniwa alitakiwa aijue injini nje ndani, aifungue na kuisafisha na kuirudisha.

Sasa angalia kazi aliyoifanya. Alipeleka barua na abiria, dawa na vipuri. Alitua penye majani yaliyofyekwa na mioto ya vibatari badala ya taa. Safari moja aliyoisimulia ilikuwa ya usiku, kupeleka mtungi wa hewa ya oksijeni hadi machimbo ya dhahabu ya Nungwe, Tanganyika, kwa mgonjwa ambaye mapafu yake yalikuwa yakimfia. Aliwatafutia pia wawindaji matajiri ndovu wenye pembe kubwa, akiwaona kutoka juu kisha akidondosha karatasi yenye maelezo ya mahali walipo. Kazi hiyo ya mwisho siisifu. Yeye mwenyewe baadaye aliona kasoro yake, na Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977 ndovu walikwisha punguzwa na watu wa namna hiyo na wa namna nyingine.

Katika daftari la safari, ambalo kila rubani huandika, hakuna mahali pa kuuliza jinsia. Pana tarehe, ndege, mahali pa kutoka na pa kufika, saa zilizotumika na jina. Injini ikizima juu ya nyika ya Tsavo haiulizi aliyeishika ni nani. Lakini watu chini walikuwa wakiuliza, na katika miaka ile kulikuwa na uchumi mzima wa maneno juu ya jambo hilo. Marekani, mwaka 1929, wanawake walipofanya mashindano yao ya kuruka kuvuka bara, mchekeshaji Will Rogers aliyapachika jina la pamba ya kujipakia poda, na jina likashika kuliko jina lenyewe. Hao walikuwa wakiongoza ndege za siku nyingi juu ya majangwa na milima, na mmoja wao alikufa katika mashindano hayo.

Ndipo ikaja safari iliyomfanya Beryl mashuhuri ulimwenguni. Kuvuka bahari ya Atlantiki kutoka Marekani kuja Ulaya upepo hukusukuma. Amelia Earhart alikwisha fanya hivyo peke yake mwaka 1932. Kwenda kinyume, kutoka mashariki kwenda magharibi, upepo hukupiga usoni na petroli hukuishia njiani. Mwaka huo huo Jim Mollison aliweza, akitokea Ireland. Mwanamke aliyeweza peke yake hakuwapo. John Carberry, mlowezi wa Nyeri, ndiye aliyekubali kumwazima Beryl ndege ya kujaribia. Carberry huyo ndiye mumewe marehemu Maia niliyemtaja hapo juu. Ndege ilikuwa Vega Gull mpya, imeandikwa alama za Kenya, VP-KCC, nayo iliitwa The Messenger, yaani mjumbe. Viti vilitolewa, pakawekwa matangi ya petroli. Redio hakuwa nayo. Mollison alimwazima saa yake ya mkononi.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka uwanja wa Abingdon, Uingereza, akielekea New York. Usiku kucha akaruka katika mawingu, mvua na upepo wa usoni, akisoma vipimo tu kwa kuwa nje hakuna cha kuonekana. Kila tangi lilipokwisha, injini ilikohoa ikanyamaza, na yeye akawa akishuka kuelekea majini huku mkono ukipapasa valvu ya tangi jingine. Mimi ni mtu wa pwani, nimewahi kukaa katika mashua tanga limelala na maji yanaingia, na hata hivyo siwezi kuukamilisha moyoni unyamavu ule wa injini iliyozima juu ya bahari usiku. Kulipokucha akaiona nchi kavu, Nova Scotia, huko Kanada. Tangi la mwisho likaanza kukataa. Barafu ilikuwa imeziba tundu la hewa. Akatafuta penye kutulia, akakuta ni bwawa la matope na mawe, ndege ikachomeka pua mahali paitwapo Baleine Cove. Alikuwa hewani saa 21 na dakika 25. Akatoka na jeraha la kichwa, akatembea topeni mpaka akawakuta wavuvi.

New York hakufika kwa ndege yake, bali ilimpokea kwa shangwe, na meya LaGuardia akamkaribisha. Magazeti yakaandika. Na yaliandika nini? Pamoja na upepo na petroli, yaliandika nywele zake, urefu wake, nguo zake, kwamba ni mke wa mtu na mama wa mtoto mdogo, kwamba ni mwanamke wa tabaka la juu. Mollison alipovuka, sikumbuki kusoma popote nani alibaki na watoto. Nami siwezi kujitoa katika lawama hiyo kwa kuwa ni mwandishi wa magazeti. Nimekwisha andika mara ngapi katika maisha yangu, mwanamke wa kwanza kufanya hivi, mwanamke wa kwanza kufanya vile, nikadhani nimesifu, kumbe habari yote nimeijaza ushangao. Binti wa jirani yangu aliniambia kwa upole kwamba neno la kwanza halimwudhi. Linalomwudhi ni kuulizwa kila siku kama haogopi, na wenzake wa kiume hawaulizwi.

Furaha ya Beryl haikukaa. Tarehe 19 Septemba 1936, naye yuko melini akirudi, Campbell Black aliuawa katika uwanja wa Speke, Liverpool, ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitua ilipoigonga yake ikiwa bado chini. Mwalimu wake huyo hakuwahi kumwona tena. Tangu hapo Beryl hakuruka safari nyingine kubwa.

Alikwenda Marekani, na mwaka 1942 kikatoka kitabu chake, West with the Night. Kilipokewa vyema na wahakiki, lakini ulimwengu ulikuwa vitani na watu wakakisahau. Mwaka huo huo akaolewa na Raoul Schumacher, mwandishi. Kitabu chenyewe ni cha ajabu katika jambo hili tunalolizungumza. Hamna ndani yake mume hata mmoja. Hamna mtoto. Mna farasi, mbwa, simba aliyemparura utotoni, arap Ruta, ndege na usiku. Wako wanaosema alificha. Mimi nasema aliwanyima wasomaji kile ambacho magazeti yalikuwa yakikitafuta, akawaacha na rubani peke yake.

Hata hivyo jambo jingine likamfuata. Ikasemwa kwamba hakukiandika yeye, bali Schumacher ndiye aliyeshika kalamu. Mary Lovell, aliyeandika maisha yake mwaka 1987, alimtetea. Errol Trzebinski, katika kitabu chake cha mwaka 1993, aliamini kalamu ilikuwa ya mume. Mimi si hakimu. Ninavyojua kama mtunzi ni kwamba mhariri mzuri anaweza kunyoosha sentensi, lakini hawezi kumpa mtu sauti ya injini inayokatika juu ya maji. Na huyu alikuwa amekulia penye lugha za watu wasimuliao kwa mdomo. Kwamba binti asiye na shule ya maana anaweza kuandika vizuri halikupaswa kuwashangaza watu wa pwani, ambao tenzi zetu mashuhuri kadhaa zilitungwa na wanawake ndani ya nyumba.

Ndoa ile nayo ilikwisha. Karibu na mwaka 1950 akarudi Kenya, akarudi kwa farasi, akawa miongoni mwa wafunzaji wenye ushindi mwingi, akashinda mbio za Derby mara kadhaa. Fedha hazikumkalia. Uzeeni aliishi katika nyumba ndogo karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, karibu fukara. Kisha barua ya zamani ya Ernest Hemingway ikaibuliwa, ambamo mwandishi yule mwenye majivuno alikiri kwamba mwanamke huyu amemshinda kwa uandishi, ijapokuwa hakumpenda kama mtu. Kwa sababu ya barua hiyo kitabu kilichapishwa upya mwaka 1983, kikauzwa sana, na mwanamke wa miaka 80 akapata tena fedha ya matumizi. Alikufa Nairobi tarehe 3 Agosti 1986. Mimi nilikuwa kijana wa shule, na sikumbuki kama kuna mtu Mombasa aliyelisema jina lake siku hiyo.

Nikarudi barazani siku ya kuondoka kwa binti, karatasi mfukoni. Wazee walikuwako. Nikawaeleza habari za Maia Carberry na Bi. Wilson na huyu Beru wa Njoro. Nikawaeleza pia kwamba mwaka 2014 Mkenya Irene Koki Mutungi alitangazwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuwa rubani mkuu wa Boeing 787 aina ya Dreamliner, na kwamba abiria waliomo ndani wakitaka kumtaja kwa Kiswahili lugha haiwadai zaidi ya neno lile moja la mjomba wangu. Mzee wa Kiarabu akang'ang'ania kwamba rubana ina utamu wake katika vina. Nikakubali kwamba ina utamu, nikamwomba anitafutie kwanza jina la serahangi wa kike. Akacheka. Baba wa msichana akaniomba ile karatasi, akaisoma polepole hadi mwisho, akaikunja, akaitia katika mkoba wa bintiye pamoja na bahasha nyingine ambayo sikuuliza ina nini.

Beti zenyewe sitazichapa hapa, maana ni mali ya nyanya yake. Neno nililolitumia ni rubani.

Nimebakiza jambo moja la Bi. Beryl. Wanafalaki wana desturi kuhusu nyota ya Zuhura, ambayo wao huiita Venus: mashimo yaliyomo katika uso wake hupewa majina ya wanawake. Limo shimo moja liitwalo Markham, kwa ajili yake. Jina hilo ni la mume wa pili, yule aliyeachana naye mwaka 1942.